Ijumaa ya Jua Safi

Habari ya kifo cha Mama Kemunto ilinifikia wiki ambayo jua lilikuwa limechafuka tena. Asubuhi hiyo simu yangu ilileta taarifa mbili zikifuatana: ya kwanza kwamba mlipuko mkubwa umetokea kwenye uso wa jua na huenda redio za masafa mafupi zikanyamaza kwa muda mchana, ya pili kwamba bibi yetu wa Tabaka amepumzika. Nilisoma ya pili, nikarudi kwa ya kwanza, nikasoma tena ya pili, na uji wangu ukapoa mezani. Niko Nyamira, nimestaafu ualimu mapema, nina majani chai kidogo nyuma ya nyumba na magoti yasiyopenda baridi, na sikuwa nimefika Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, kwa muda mrefu wa kutia aibu. Nikatoka uani nikasimama. Sikuinua macho. Huko Tabaka nilifundishwa nikiwa msichana kwamba jua halitazamwi usoni, hutazamwa pale linapoangukia, na tabia hiyo haijanitoka hadi leo.

Watu wengine hupima maisha yao kwa wajukuu au kwa chaguzi kuu. Mimi napima kwa jua. Kila baada ya miaka kama kumi na mmoja hivi hupanda, likajaa madoa na milipuko, kisha likatulia hadi likawa jeupe kabisa, kisha likaanza kupanda upya. Tangu mwaka ninaotaka kuusimulia limefika kilele mara tatu zaidi. Wakati wa kilele kile cha kwanza nilikuwa nimemaliza shule, nangoja nafasi ya chuo, nikapata kazi ya kuosha vioo na kupanga vifaa katika maabara ya shule moja ya wasichana karibu na Tabaka. Chumba nilipewa na Mama Kemunto. Kusema kweli sikupewa chumba, nilipewa kitanda cha bintiye, na nguo za bintiye bado zilikuwa zimening'inia kwenye msumari juu ya kichwa changu, nami nilikuwa nalala nikisikia harufu ya sabuni ya mtu nisiyemjua.

Nyumba ile yote ilikuwa nyeupe. Ukitaka kujua Tabaka ilivyo, paka unga kila kitu unachokijua: kuku, majani ya migomba, kope za watoto. Wanaume walikaa chini ya kibanda wakichonga sanamu za viboko na bakuli kutoka kwa mawe yaliyotoka machimboni, na wanawake walikaa kando wakiwa na mabeseni ya maji, wakisugua kwa msasa kile ambacho wanaume wamemaliza, hadi jiwe linapokuwa laini kama shavu la mtoto. Mama Kemunto alikuwa na mikono iliyosuguliwa pamoja na mawe. Vidole vyake havikuwa na mistari tena. Alipokuwa akinipa kikombe cha chai niliona vumbi jembamba la jiwe likielea juu ya maziwa, nikanywa tu, na nadhani hadi leo kuna kibakuli kizima tumboni mwangu.

Chumba cha mbele kilipangwa na Mwalimu Ochola, mwalimu wa fizikia, mtu wa ziwani, mrefu, Mkatoliki, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Kwa ajili yake mezani tulizungumza Kiswahili, na kwa ajili ya Mama hakuna aliyegusa chakula kabla ya sala. Chakula chenyewe kilikuwa vita ya kila jioni. Mama aliweka ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yao chungu ya majani, iliyochemshwa hadi ikakubali, na Mwalimu alitafuna akiwa amefumba macho.

"Mama, hii mboga yenu ni dawa ama ni chakula?"

"Ni dawa ya mdomo mrefu. Kula."

Siku nyingine yeye ndiye aliyeleta omena, vile vidagaa vya ziwani kwao, na Mama akasukuma bakuli pembeni kwa kidole kimoja. "Hizi zinaniangalia zote pamoja," alisema. "Siwezi kula mkutano." Nilicheka hadi nikapaliwa. Nilikuwa na umri ule ambao unaamini kwamba nyumba yoyote unayoipenda itakungoja ilivyo.

Binti mwenye kitanda, Kemunto, alikuwa muuguzi katika kituo cha misheni ndani ya misitu ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Barua zilichukua miezi. Lakini zahanati ya misheni pale kwetu ilikuwa na redio ya mawasiliano iliyoendeshwa kwa betri ya gari, na kila Ijumaa saa sita mchana vituo viliitana, kimoja baada ya kingine, vikipeana habari za dawa na wagonjwa. Zikiisha, karani alimwachia Mama dakika chache. Ijumaa ndiyo siku ambayo Wasabato kama Mama hupika, hufua na hufagia kila kitu kabla jua halijazama, lakini Mama alikuwa ameshamaliza yote ifikapo saa tano. Alinawa mikono, akafunga kitambaa cha kanisani, akapanda kilima. Unabonyeza kidude, unasema, kisha unatamka "ova" ili mwenzako ajue ni zamu yake. Mama alilipenda neno hilo kupita kiasi. Lilimfuata nyumbani. "Nyaboke, maji yamechemka, ova." Jioni moja alimaliza sala kwa "Amina, ova," na Mwalimu akatoka nje haraka akijifanya anaenda kupiga chafya.

Kisha Ijumaa moja alirudi kutoka kilimani kabla ya wakati wake. Redio ilikuwa imekufa, alisema. Si kukwama wala kukoroma, imekufa tu, vituo vyote kimya kama vimefunikwa na blanketi. Jioni hakula. Alikaa na kitambaa chake cha kanisani kichwani akitazama mlango. Nilisema labda betri. Alinijibu kwa Kigusii, polepole, kwamba mama huwa anajua, na kwamba kimya hakiji bure. Ijumaa iliyofuata Kemunto alisikika anacheka, mzima, anauliza kama ng'ombe amezaa, na Mama akala kwa siku mbili mfululizo. Lakini kabla ya wiki nyingi kupita redio ilikufa tena saa ile ile ya mchana, na safari hii Mama alilala chini sakafuni jikoni, akakataa hata chai. Niliogopa. Mtu anaweza kweli kujiua kwa kusubiri.

Mwalimu Ochola ndiye aliyemwinua. Alikuwa na darubini ya macho mawili, ya zamani, jicho moja bovu. Alikuwa ameifunga kwa kamba kwenye dirisha dogo la stoo ya mawe, akiwa ameziba lile jicho bovu kwa kitambaa, na kila asubuhi kabla ya shule aliliacha jua lipite ndani yake na kuangukia kwenye karatasi, maana alikuwa akifuata madoa yake kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha nne. Mimi ndiye niliyemshikia karatasi. Asubuhi hiyo alimwita Mama aingie. Mama aliingia amejifunga shuka, ana hasira ya mtu aliyeamshwa kutoka msibani.

Nataka nieleze vile stoo ile ilivyokuwa, kwa sababu nimeiota mara nyingi. Giza, harufu ya jiwe bichi na maji, mawe yamepangwa ukutani hayajapewa bado sura, na katikati ya giza hilo duara la mwanga ukubwa wa kisahani, likitetemeka kidogo, likisogea taratibu, hai. Ndani ya duara palikuwa na doa jeusi lenye ukingo wa kijivu, na mengine madogo yakilifuata nyuma.

"Hiyo ni nini?" Mama aliuliza.

"Ni jua, mama. Jua lenyewe. Na hilo doa ndilo linafunga mdomo wa redio yako."

Alimweleza kwamba kwenye madoa kama hayo ndiko milipuko hutokea, na kwamba sauti ya redio haiendi Zaire moja kwa moja, hupanda juu ikagonga hewa ya mbali na kurudi, kama mpira uliotupwa ukutani. Jua likilipuka, ukuta ule hugeuka matope. Mpira unazama humo, haurudi, hadi ukuta ukauke. Huwa ni mchana tu, upande unaotazamana na jua. Kemunto hakuwa mgonjwa. Alikuwa huko anaita vile vile, naye anafikiri ni mama ambaye hajibu.

Mama aliinama karibu na karatasi. Akanusa, nadhani kwa mazoea. Kisha akaikunja karatasi ile akaiweka kando, akatoka, akarudi na sahani ya jiwe jeupe, laini, isiyo na mshipa hata mmoja. "Msichore jua kwa karatasi ya madaftari," alisema. "Mnatuaibisha." Duara likaanguka kwenye jiwe, na doa likaonekana vizuri mara mbili.

Tangu hapo tulikuwa watatu. Tulichora madoa kwa penseli, na wiki ikiisha Mama aliyafuta kwa msasa na maji, akiondoa jiwe kidogo kila mara, hivyo sahani ikawa inapungua jua baada ya jua. Tukaona doa kubwa likivuka uso, siku baada ya siku, hadi likafika ukingoni na kupotea. Mama alifurahi akadhani limekufa. Mwalimu akamwambia angoje. Jua huzunguka, hulibeba doa upande wa nyuma, na kama bado lina nguvu, baada ya wiki nne hivi tangu tulione mara ya kwanza mahali fulani, litakuwa limerudi pale pale. Na kweli likarudi, limekonda kidogo, kwenye ukingo ule mwingine. Siku chache baadaye redio ikanyamaza. Mwalimu alikuwa mwangalifu, alirudia kila siku kwamba hawezi kujua saa wala siku, kwamba doa linaweza kupita mbele yetu na lisilipuke kabisa, kwamba anachoweza kusema ni wiki za hatari na wiki za salama. Mama alimsikiliza akitikisa kichwa, kisha akatoa hukumu yake.

"Nimeelewa. Hii jua iko na mwezi yake, kama sisi wanawake."

Mwalimu alimwaga chai yote kwenye suruali. Lakini mimi niliyekuja kufundisha jambo hilo kwa miaka mingi darasani sijawahi kulisema vizuri zaidi ya hapo.

Mama alimweleza Kemunto redioni. Nilikuwepo. Alisema kwa sauti ya juu, kama anayetangaza kanisani, kwamba wakati mwingine ni jua, mwanangu, usifikiri nimekuacha, ova. Na Kemunto akacheka kule mbali, sauti yake ikija na kuondoka, akasema basi tutalisingizia jua kila kitu, mama, ova.

Ile Ijumaa nyingine ilikuja baada ya mvua ndefu. Anga lilikuwa limeoshwa. Asubuhi tuliingia stoo sote watatu, duara likaanguka juu ya sahani, na hapakuwa na kitu. Mwalimu alisogeza darubini, akapuliza vumbi, akatazama tena. Safi. Hata katika mwaka wa kilele jua huwa na siku zake za kupumua, alisema. Mama alipiga makofi mara moja. "Leo nitamsikia mpaka nichoke," alisema, akaniambia nifuatane naye, nikabeba mwavuli wake.

Redio haikuwahi kusikika vile. Vituo vya Tanzania na Rwanda viliongea utadhani vimekaa jikoni kwetu. Zaire nao wakaitika, mtu wao akasalimia, akamaliza habari za dawa, na karani wetu akasema kuna mzazi wa Sista Kemunto hapa. "Ameitwa," sauti ikajibu. "Ngojeni." Tukangoja. Nje watoto walikuwa wakifukuza mbuzi na kila mlio ulifika ndani. Kisha sauti ile ikarudi, ikiwa na aibu ndani yake. "Sista hayuko karibu. Labda wiki ijayo."

Mama aliomba kidude mwenyewe. Alikibonyeza kwa kidole kile kisicho na mistari. "Kemunto. Kemunto, ni mimi. Ova." Kulikuwa na mvumo laini tu, safi, bila kelele. Akasema mara ya pili, chini kidogo. Kisha akakiweka kidude mahali pake taratibu kama anayelaza yai, akamshukuru karani, akatoka.

Alipofika nyumbani aliingia moja kwa moja stoo. Jua lilikuwa limehama, akaizungusha darubini mwenyewe, akaisogeza, akaisogeza tena, hadi duara likamwangukia kwanza kifuani na ndipo likafika kwenye jiwe. Alilitazama kwa muda mrefu. Sahani ilikuwa nyeupe kama tulivyoiacha.

"Si jua," alisema. "Yuko mzima. Ananinyamazia."

Kisha akaenda kuwasha moto upya na kupika kitoweo kilichokwisha kupikwa, maana Sabato ilikuwa inakaribia na mikono yake haikuwa na kazi nyingine.

Habari kamili ililetwa na wamisheni waliopita, nami niliisikia kwa wanawake wa mabeseni kabla ya Mama. Kemunto alikuwa ameacha kazi, ameondoka na dereva wa kituo, Mkatoliki, na walisema ameondoka akiwa mjamzito. "Binti wa mama shemasi," mmoja alisema, akisugua. "Na bila hata kuaga," akasema mwingine, na maji yakaendelea kuchapa mabeseni. Mama alikuwa ameketi hatua chache kutoka pale. Aliendelea na msasa wake.

Hakuacha kupanda kilimani. Kila Ijumaa alikwenda, akaita jina mara mbili, akashukuru, akarudi. Lakini kwanza alipitia stoo, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo limekaa nami maisha yangu yote. Jua likiwa safi, alitoka uso umekauka. Jua likiwa chafu, doa kubwa likiwa limerudi kutoka nyuma, alitoka karibu akiwa na furaha. Wiki hizo alikula. Wiki hizo kimya kilikuwa cha jua, hakikuwa cha mwanawe. Mwisho wa mwaka nilipokuwa nikifunga sanduku nilikuwa nimeanza kuliombea jua lichafuke, mimi msichana wa sayansi, usiku kabla ya kulala, kwenye kitanda kile. Mwalimu alihamishwa kurudi ziwani na darubini akamwachia Mama. Mimi nikaenda chuoni. Nilituma barua mbili tatu, kisha nikaolewa, nikawa na maisha.

Mazishi yalijaa watu. Nilimtambua Kemunto kwa mikono, yenye umbo lile lile la mikono ya mama yake, maana uso wake sikuwahi kuuona ila kwenye picha ya ukutani. Ameshakuwa bibi mwenye mvi, na nyuma yake alisimama mwanaume mrefu anayeongea Kiswahili cha Kongo, mwanawe. Alinishika akasema, "Wewe ndiwe Nyaboke. Ulilala kitanda changu," na hatukuhitaji utangulizi mwingine. Watu walipopungua alinipeleka stoo. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mabati. Tuliketi juu ya mawe, tukinywa chai ya msibani.

"Nilirudi huyu kijana akiwa na miaka kumi," alisema. "Mama hakuniuliza kitu. Hakuniuliza! Alinipa chai. Mimi ndiye niliyeshindwa na ule ukimya wake nikaanza kujieleza. Nikamwambia kwamba siku ya kuondoka nilikuja redioni kumuaga na kuomba baraka yake. Niliita sana, lakini mawasiliano yalikuwa mabaya. Nikamwambia, mama, unakumbuka, lilikuwa jua."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Najua. Tuliliona.' Kesho yake akanitolea hii."

Alifungua leso mapajani mwake. Ilikuwa sahani yetu, nyembamba sasa kiasi cha kuona kivuli cha vidole kupitia ukingo wake. Na katikati palikuwa na doa.

"Aliniambia, hili ndilo jua la Ijumaa ile. Nyaboke, nilikosa hewa. Mimi nimedanganya, na kumbe jua lenyewe siku hiyo lilikuwa chafu kweli! Nilipewa ushahidi wa uongo wangu. Nikanyamaza." Alikuwa analia sasa bila kujifuta. "Ukweli ni kwamba redio ilikuwa safi. Nilikuwa nimeketi nje ya mlango na begi langu. Nilimsikia akiniita, mara mbili. Nilisikia hata pumzi yake. Sikuingia. Nimemdanganya hadi nimemfukia leo."

Nilichukua sahani nikaisogeza mlangoni penye mwanga. Sisi tulichora kwa penseli, kila mara, na kila mara Mama alifuta. Doa hili halikuwa la penseli. Lilichongwa kwa ncha ya msumari, kwa subira, likasuguliwa kingo, kisha likajazwa rangi nyeusi ya viatu kama wanavyofanya kwa macho ya viboko. Lilikuwa doa zuri kupita madoa yote niliyowahi kuyaona juani.

"Kemunto," nilisema, "siku ile jua lilikuwa safi. Nilikuwepo. Mama yako alirudi kutoka redioni akaligeuzia darubini kwa mkono wake mwenyewe, akaliangalia. Alijua siku ile ile."

Nje walikuwa wakipanga viti vya kukodi, vikigongana.

"Na hili?"

"Hili alikuchongea."

Aliichukua sahani mikononi mwangu. Alipitisha kidole juu ya doa, akakirudisha, akakipitisha tena, vile wanawake wa Tabaka wanavyopima kama jiwe limekwisha kuwa laini. Kisha akainamisha kichwa hadi mdomo wake ukakaribia jiwe.

"Mama," alisema, "nimekusikia. Ova."